Paneli Kati ya Mizinga

“Pasi?”

“Sina.”

“Televisheni?”

“Fundi, mimi nina mizinga arobaini. Vituko vya humo ndani vinanitosha.”

Fundi wa sola alicheka bila kuinua macho, akapiga mstari kwenye daftari. Alikuwa mwanamume wa makamo, mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa kwa waya wa shaba mahali skrubu ilipong'oka. Karakana yake ilikuwa chumba kimoja kirefu nyuma ya duka la matairi. Paneli kuukuu zilikuwa zimeegemezwa ukutani kama milango inayosubiri nyumba, na kila moja ilibandikwa karatasi yenye namba aliyoipima mwenyewe kwa mita yake. Namba za kiwandani alikuwa amezikata kwa kalamu nyekundu.

“Birika la umeme? Feni? Blenda?”

“Taa mbili, simu, na jokofu.” Mwanamke alikunja vidole vitatu, kisha akakinyoosha tena kile cha mwisho. “Jokofu ndilo lililonileta. Hayo mengine hata nikikaa gizani, sawa tu.”

“Jokofu la nini? Soda? Samaki?”

“La dawa. Chupa mbili, ukubwa wa kidole gumba.”

Hapo fundi aliinua macho.

“Insulini?”

“Unaijua?”

“Marehemu mama yangu.” Alifunua ukurasa mpya, akaulainisha kwa kiganja. “Basi tuanze upya. Hatutafuti taa tena. Tunatafuta kitu kisichozima.”

Sokoni na mashambani walimwita Mama Nyuki. Kwa miaka thelathini alikuwa amefuata maua: michungwa ilipochanua alikuwa huko, alizeti ilipogeuza nyuso zake alikuwa huko, na katikati ya misimu aliwapeleka nyuki wake kwenye mikaratusi. Mizinga ilitangulia alfajiri juu ya lori la kukodi, milango imezibwa kwa wavu, na yeye akafuata nyuma ndani ya Kobe. Kobe lilikuwa gari la zamani la kusambazia mikate. Mumewe, kabla hajafariki, alilitoboa dirisha kila ubavu, akalitia kitanda cha kukunja, jiko la gesi la plati moja, na rafu za kupangia fremu za masega. Lilikwenda polepole, nyumba mgongoni, na kila lilipopanda mlima madereva waliokuwa nyuma walipiga honi mpaka wakachoka wenyewe.

Kisha ukaja ugonjwa.

“Fuata nyuki ule asali,” binti yake alisema siku walipotoka kliniki, akijaribu kutabasamu. “Hakuna aliyesema ufuate nyuki upate kisukari.”

Muuza nyanya sokoni yeye hakuwa na haya hata kidogo. “Wamekulipiza, Mama Nyuki! Umewaibia miaka thelathini, sasa wanadai!” Na Mama Nyuki alicheka mpaka akashika ubavu, kwa sababu ugonjwa ukishachekwa unapungua uzito, angalau mpaka ufike nyumbani.

Lakini msimu uliopita haukuchekesha mtu. Joto lilikuwa kali mno mwaka ule. Chupa zake za dawa alizihifadhi kwenye boksi la bati chini ya kitanda, na dawa ilikuwa ikionekana vilevile, angavu kama maji ya kisima, ilhali joto lilikuwa limeshaiua. Wiki nzima alijidunga kwa bidii dawa isiyofanya kazi. Mwenye shamba ndiye aliyemkuta amelala chini kati ya gari na mizinga, midomo imekauka, akiongea na mtu asiyekuwepo. Alilazwa siku nne. Siku zote nne binti yake alilala kwenye mkeka chini ya kitanda cha hospitali, na kila muuguzi alipopita alichomoza kichwa kuuliza, “Sukari ngapi sasa?”

Baada ya hapo binti aliandaa chumba nyumbani kwake mjini. Alikipaka rangi ya krimu kwa mikono yake mwenyewe, akatundika pazia la maua ya njano ili mama asikose maua. Dirisha lilitazama ukuta wa jirani. Mama Nyuki aliketi kwenye kile kitanda kipya, akapapasa shuka, akasema pazuri, pazuri sana mwanangu, na wote wawili wakajua kwamba angekufa pale polepole kwa adabu.

“Siku tatu,” binti alisema mwishowe. Alikuwa mwalimu wa chekechea, na hasira yake ilitoka kwa sauti ya upole uliopangwa.

“Usinisemeshe kama watoto wako.”

“Watoto wangu wananisikia. Siku tatu, Mama. Tafuta jokofu, tafuta umeme, kaa shambani. Kipimajoto hiki hapa. Dawa isipopanda juu ya nyuzi nane kwa siku tatu, sisemi tena neno. Ikipanda, mizinga unamuuzia yule bwana, unakuja kwangu.”

Yule bwana alikuwa mfuga nyuki mwenye malori yake mwenyewe. Alikuwa ameshaitaka mizinga yote arobaini, na Kobe pia, kwa bei ya chuma chakavu. Alizeti ilikuwa imebakiza wiki mbili kuchanua.

Kabla ya kufika karakana, Mama Nyuki alikuwa amepita kwenye duka kubwa lenye vioo. Muuzaji mwenye tai alimwonyesha seti kamili: paneli mbili pana kama meza za karamu, betri ya kisasa, inverta inayong'aa taa za buluu. Bei yake ilikuwa madebe thelathini ya asali. Mama Nyuki hakuwa na njia nyingine ya kupima bei. Alipoona uso wake, muuzaji aliinama chini ya kaunta akatoa kiboksi cha plastiki chenye waya. “Basi chukua hiki, Mama. Unachomeka kwenye tundu la kuwashia sigara, mambo kwisha.”

Alimsimulia fundi habari za kile kiboksi, na fundi akakunja uso kama aliyelamba ndimu.

“Ulikinunua?”

“Nilikishika tu.”

“Afadhali. Kile hakina kompresa, ile pampu ya baridi. Kinakula umeme mchana na usiku bila kupumzika, na kinachoweza ni kushusha joto kidogo kuliko nje. Nje kukiwa moto sana, ndani kuna uvuguvugu. Dawa yako inataka kati ya mbili na nane, haitaki uvuguvugu.” Aliinuka, akavuta gunia kutoka kwenye pembe, na chini yake palikuwa na jokofu dogo la kijivu, fupi, lenye mkwaruzo mrefu kwenye mfuniko. “Hili lilikuwa la dereva wa masafa marefu. Amestaafu. Lina kompresa, na linakula umeme wa betri moja kwa moja, kwa hiyo inverta ya kugeuza umeme huihitaji. Hiyo imeshaondoka kwenye bei.”

Alimchorea. Paneli hapa, kontrola hapa, betri hapa, jokofu hapa, fyuzi katikati. Mama Nyuki alitazama michoro ile muda mrefu, kichwa kimeinama upande.

“Paneli ni nyuki wanaotoka kutafuta,” alisema.

“Eeh?”

“Wanaleta. Betri ni masega, ndipo wanapoweka. Na hii kontrola ni walinzi wa mlangoni, wanaangalia nani aingie na kiasi gani.”

Fundi aliitazama michoro yake mwenyewe kama aliyeletewa mgeni. “Miaka kumi na mbili nafundisha watu,” alisema, “sijawahi kuieleza vizuri hivyo.”

“Na nyuki hawavunwi mpaka tone la mwisho.”

“Barabara! Betri hii usiishushe chini ya nusu. Ukiikausha mara kumi, umeiua. Nusu ya juu ni yako, nusu ya chini ni yake.”

Wakachagua hivyo, polepole, kitu kimoja baada ya kingine. Betri ilinunuliwa mpya. Hapo fundi hakukubali mjadala. Kontrola ilikuwa ndogo na ya kawaida, yenye kidirisha cha namba ya chaji na taa tatu: kijani, njano, nyekundu. Paneli ilikuwa ya mtumba, ya wati mia na hamsini zamani, mia na ishirini na nane kwa karatasi ya fundi, pembe moja ya fremu yake imebonyea. Jumla ilifika madebe saba. Mama Nyuki aliomba iwe sita, fundi akasema sita na chupa tano za asali kwa watoto wake, wakapeana mikono.

Alasiri ile ile fundi alipanda juu ya Kobe na futi yake. Alipima paa mara mbili, akatoboa matundu manne, akaifunga paneli kwa bolti na raba chini yake. Alipomaliza aliisukuma kwa mikono miwili na gari zima likatikisika.

“Hata ukipinduka, hii itabaki,” alisema.

“Nikipinduka nitakuwa na shida nyingine,” alijibu Mama Nyuki.

*

Siku ya kwanza shambani alifika mapema. Mizinga kumi ya mwanzo ilikuwa imeshaletwa, nayo aliipanga juu ya vibao vyake, kwenye uwanda ulio wazi kandokando ya alizeti. Kibao kimoja mwishoni kilibaki kitupu kwa sababu mzinga wa kumi na moja ulikuwa bado unasubiri malkia. Kobe aliliegesha mahali pake pa kila mwaka, hatua arobaini kutoka hapo, alama zake za matairi zikiwa bado ardhini. Akaweka chupa mbili ndani ya jokofu. Kompresa ikakohoa, ikanguruma, ikatulia kwenye mngurumo mdogo wa paka. Kipimajoto kilishuka mpaka tano. Alikitazama kama mtu anavyomtazama mtoto aliyelala.

Jioni taa ya kontrola ilikuwa ya njano.

Hakujali sana. Siku ya kwanza, alijiambia, hata nyuki wakihamishwa hawatoi kitu siku ya kwanza. Wanazunguka tu kujifunza mahali. Lakini siku ya pili ilipofika saa nane mchana, jua likiwa kali hata ndege wamenyamaza, taa ikawa nyekundu. Kompresa ilitoa mlio mmoja mfupi ikazimika. Mama Nyuki alifungua mfuniko, akaufunga haraka, akajuta kuufungua.

Saa kumi na moja simu ililia.

“Mama. Dawa ikoje?”

Kipimajoto kilikuwa kinasoma tisa.

“Nzuri.”

“Nzuri ngapi?”

“Sita.”

“Sita!” Kulikuwa na furaha katika sauti ile, furaha iliyochanganyika na kitu kilichokuwa kinaachia, kama mtu anayetua mzigo kichwani. “Haya, Mama. Haya. Umekula?”

Amekula, alisema, na akakata simu. Aliketi kwenye ngazi ya mlango wa nyuma. Katika miaka thelathini hakuwahi kuchanganya asali yake na maji ya sukari, hata mwaka wa ukame, na watu walikuja kutoka mbali kwa sababu hiyo moja tu. Sasa alikuwa amemuuzia mwanawe mwenyewe maji ya sukari. Aliinuka, akatafuta mtungi wa udongo, akauzungushia gunia lililoloweshwa kama muuguzi alivyomfundisha, akaziweka chupa ndani. Kisha akachukua simu.

“Nilikudanganya,” alisema kabla binti hajasalimu. “Ni tisa. Jokofu limezima. Nimezitia kwenye mtungi.”

Alisikia pumzi upande wa pili. Alisikia mlango wa kabati ukifungwa polepole.

“Nitakuja kesho asubuhi,” binti alisema. “Na boksi la barafu.”

“Njoo.”

“Mama.” Kiti kilivutwa upande wa pili. “Afadhali umesema.”

Baada ya hapo akampigia fundi, na kwa fundi hakuwa na upole wowote. “Paneli yako imekufa!”

“Haijafa! Niliipima mwenyewe!”

“Basi njoo umfufue maiti wako.”

*

Walifika karibu pamoja, binti kwa pikipiki ya kukodi, boksi la barafu limebanwa kifuani, na fundi kwa pikipiki yake yenye ngazi iliyofungwa ubavuni. Hawakuwa wamewahi kuonana. Walisalimiana kwa adabu ya watu wanaokutana msibani.

Binti aliingia garini moja kwa moja. Alizitoa chupa mtungini, akazipangusa, akazipanga katikati ya barafu kwenye kitambaa zisiguse, akafunga mfuniko. Kisha akaanza kukunja shuka za mama yake.

“Ngoja kwanza,” Mama Nyuki alisema.

“Nakunja tu.”

Juu ya paa fundi alikuwa amepiga magoti na mita yake. Aliunganisha waya, akatazama, akaunganisha tena. Akagonga mita kwa kidole. Kisha, taratibu, aliinua uso juu. Tawi pana la mkaratusi lilikuwa limemfunika kichwani, na majani yake yalipitisha vijisarafu vya mwanga juu ya mgongo wake, juu ya bolti zake, juu ya kioo chote cha paneli.

“Mama,” aliita. “Gari unaegesha wapi siku zote?”

“Mahali pake.”

“Mahali pake wapi?”

“Kivulini! Wapi tena?”

Fundi aliketi kitako juu ya paa. Alivua miwani, na mabega yake yakaanza kutikisika. “Kivulini,” alisema. “Nimemfungia mtu paneli ya jua, bolti nne, raba nne, hata akipinduka haing'oki. Kivulini!”

“Sasa unacheka nini? Hukuniuliza!”

“Nimepima paa mara mbili!”

“Ungepima na mti!” Mama Nyuki alikuwa ameshika kiuno. “Humu ndani mna fremu mia mbili za nta. Nikiegesha juani mchana mmoja, masega yote yanaanguka kama uji. Miaka thelathini, fundi, nikifika mahali popote, kabla sijatafuta maji natafuta kivuli. Wewe ulitaka nifikiri vipi?”

Hakuna aliyekuwa na kosa, au wote wawili walikuwa nalo sawasawa: mmoja alijua paa zote za dunia na hakuwahi kuuliza juu yake kuna nini, na mwingine alitafuta kivuli kama mtu anavyovuta pumzi, bila kujua kwamba anatafuta.

“Sogeza juani basi,” alisema binti kutoka mlangoni.

Fundi alitikisa kichwa, kicheko kimeisha. “Hata bila nta haifai. Gari hili la bati juani ni tanuri. Jokofu litafanya kazi mara mbili, paneli haitalimudu. Ingetakiwa mbili, na betri nyingine.” Hakusema madebe mangapi. Hakukuwa na haja.

Binti aliziweka shuka zilizokunjwa juu ya boksi. Aliteremka ngazi, akasimama karibu na mama yake bila kumgusa, na wote wawili wakatazama shamba kwa sababu ilikuwa vigumu kutazamana. Alizeti ilikuwa imefumba bado, vichwa vya kijani vimeinama. Mbele yake mizinga ilikuwa imejipanga kwenye mwanga wa asubuhi, mlango wa kila mmoja ukitazama mashariki, na nyuki wa kwanza walikuwa wakitoka.

“Mbona hao hawako kivulini?” binti aliuliza, kwa ajili ya kusema kitu tu. “Nta si imo na humo?”

“Mle wanapepea wenyewe kwa mabawa, wanapoza. Ila asubuhi wanataka jua mlangoni. Jua likiwagusa mapema wanaamka mapema, wanakwenda kazini kabla ya...”

Alikatiza maneno. Binti naye alikuwa ameganda. Alikuwa akitazama kile kibao cha mwisho, kitupu, kilichokuwa kikiota jua bila mzinga juu yake. Alijua alichokiona. Alijua pia kwamba yeye asiposema, hakuna mwingine ambaye angesema upesi. Boksi la barafu lilikuwa limeshafungwa, shuka zilikuwa zimeshakunjwa, chumba cha rangi ya krimu kilikuwa kinangoja. Kidole gumba chake kilisugua pete yake, kikazunguka, kikazunguka.

“Fundi,” alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo. “Hiyo paneli ni lazima ikae juu ya gari?”

Fundi aliufuata mkono wake kwa macho. Alisimama juu ya paa. Alihesabu hatua kwa kidole hewani, akafikia arobaini.

“Waya uwe mnene,” alisema, akianza kushuka. “Ukiwa mwembamba umeme unachoka njiani. Lakini waya mnene ninao.”

Ilichukua asubuhi nzima. Bolti zilizokuwa zimekazwa zisilegee hata gari likipinduka zilikataa kweli kulegea, na fundi alizitukana kwa majina ya wakwe zake. Matundu manne ya paa Mama Nyuki aliyaziba mwenyewe kwa nta iliyochanganywa na ile gundi nyeusi ambayo nyuki hujizibia nyufa zao. Waya waliupitisha ndani ya bomba la plastiki, wakaufukia kina cha kiganja ili majembe yasiukate.

Ilipofika kuibeba paneli mpaka kwenye mizinga, fundi alisimama hatua kumi kutoka kwenye safu.

“Mimi umeme siuogopi,” alisema. “Hata ule mkubwa wa nguzo. Lakini hawa...”

“Hawakutaki. Huna ua.”

“Mmoja ananitazama.”

“Vaa wavu, fundi, usitie aibu mbele ya mgeni.”

Wavu ulikuwa mmoja tu, na fundi aliuvaa mpaka kifuani kama bibi harusi. Kwa hiyo upande wa pili wa paneli ulishikwa na binti, kichwa wazi. Alikuwa na miaka tisa alipoapa kutokaribia tena mzinga, siku alipoumwa kwenye kope, na kiapo hicho alikuwa amekishika miaka ishirini. Alitembea kinyumenyume, taratibu, akipumua kupitia pua kama mama yake alivyomfundisha zamani. Nyuki mmoja alitua kwenye kifundo cha mkono wake, akatembea, akaruka.

Waliiegemeza juu ya kibao, wakaiinamisha, wakaifunga kwa kamba. Kutoka garini Mama Nyuki alipiga kelele:

“Kijani!”

“Njooni mwone wenyewe!” aliita tena. “Kijani, jamani! Kijani!”

Binti alijifuta jasho. “Siku tatu zinaanza upya,” alisema. “Leo ni moja. Na nitakaa hapa hapa, nisiambiwe sita.”

“Na chekechea?”

“Nitaomba ruhusa. Nitasema nauguza.”

*

Siku ya kwanza ilikuwa ya jua. Siku ya pili mawingu yalitanda tangu asubuhi, meupe na mazito, na namba kwenye kontrola ilipanda kwa shida kama mzee anayepanda ngazi. Siku ya tatu ilinyesha. Mama na binti walikaa ndani ya Kobe, magoti yakigusana, wakizima taa, wakichomoa simu kwenye chaji, wakisikiliza mngurumo mdogo chini ya meza. Kila ulipokatika, wote wawili walisita kumeza. Kila uliporudi, mmoja wao alikohoa kama ambaye hakuwa anasikiliza. Jioni namba ilikuwa imeshuka, ikasogelea nusu, na mvua ilikuwa bado inagonga bati.

“Nusu ya chini ni yake,” Mama Nyuki alinong'ona.

“Ya nani?”

“Ya betri. Tukifika hapo nalizima. Sitaiua.”

Binti alimtazama mama yake, uso uliochomwa na jua na kuumwa mara elfu, mkono uliotulia juu ya swichi. Kwa mara ya kwanza tangu hospitali hakuuliza sukari ngapi.

Asubuhi ya nne mbingu ilikuwa safi. Namba ilikuwa imesimama juu kidogo ya nusu, nywele moja tu juu yake. Binti ndiye aliyefungua jokofu. Kipimajoto kilisoma nne. Alitoa chupa, akaigusisha shavuni mwake, akaishika pale muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

“Toa basi, nijidunge,” Mama Nyuki alisema. “Unaipasha moto.”

Alijidunga tumboni, haraka, kama mtu anayefunga kifungo, kisha akaweka chai isiyo na sukari jikoni.

“Yule bwana alipiga simu jana,” binti alisema. “Ulipokuwa umelala.”

“Alisemaje?”

“Anauliza lori lije lini.”

Mama Nyuki alishughulika na kiberiti. “Ukamwambia nini?”

“Nimemwambia wamelala, wenyewe na nyuki wao. Apige baada ya alizeti.”

Njiti iliungua mpaka ikakaribia vidole vya Mama Nyuki. Aliipuliza, akawasha nyingine.

Mvua ilikuwa imerusha matope madogomadogo kwenye kioo cha paneli. Binti alichukua kitambaa, akakilowesha, akavaa kandambili za mama yake zilizomzidi, akatoka kwenda kuifuta. Kwenye ukingo wa shamba ua moja la alizeti lilikuwa limeanza kufunguka, njano yake ikichungulia kama shati chini ya koti. Umande ulikuwa umeteremka juu ya kioo usiku kucha, ukajikusanya kwenye fremu ya chini, ukafanya ufito mwembamba wa maji kutoka pembe moja hadi nyingine.

Nyuki walikuwa wameshaugundua. Walikuwa wamejipanga ukingoni, bega kwa bega, vichwa chini, matumbo yakipwita taratibu. Kila mmoja aliyeinuka aliacha nafasi, na mwingine alishuka akaijaza. Jua lilikuwa limeanza kugusa kioo. Binti alisimama mbele yao, wavu hana, kitambaa kikimchuruzikia maji miguuni, akingoja wamalize kunywa.